Mbunge akisema "nitalisemea", muulize kuhusu jedwali

Swali: "Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha mazao, AMCOS, huku Tanzania Bara. Juzi nilikaa mbele ya televisheni kutwa nzima nikiangalia Bunge. Mwishoni Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi ukaitikia, muswada ukapita. Sikuona hata mtu akihesabu kura. Hivi sheria inatungwa pale? Na ukiletwa muswada unaotugusa sisi wanaushirika, tuanzie wapi? Mbunge wetu anatuambia tusiwe na wasiwasi, 'nitalisemea'. Halafu nifafanulie hili la sheria kupita Bungeni lakini bado ikawa haijaanza kutumika."

Ndugu Katibu, nianze na la mbunge wako, kwa sababu ndilo lenye haraka. Mbunge anaweza kusimama, akalisemea jambo lenu kwa dakika zote alizopewa, akapigiwa makofi, maneno yake yakaingia neno kwa neno kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, na muswada ukapita vilevile ulivyokuja. Hakudanganya mtu, amelisemea kweli. Ila muswada haubadiliki kwa kusemewa. Hubadilika kwa karatasi inayoitwa jedwali la marekebisho, na karatasi hiyo ina muda wake na utaratibu wake. Nitafika huko. Kwanza tuufuate muswada tangu unakotoka, maana pale ulipouona wewe ulikuwa umebakiza hatua za mwisho.

Miswada mingi huletwa na Serikali. Huanza na idara fulani ya wizara inayosema kwamba sheria iliyopo imepitwa na wakati, au sera mpya haina meno bila sheria. Wizara huandaa waraka, waraka hupita kwa makatibu wakuu, kisha huenda Baraza la Mawaziri. Baraza likiridhia ndipo waandishi wa sheria wa Serikali wanapokaa na kuugeuza uamuzi kuwa ibara, vifungu na majedwali. Haya yote hufanyika kabla mbunge wako hajaona ukurasa mmoja. Na maamuzi makubwa yamo humo: chombo gani kitaundwa, nani atasajiliwa na nani atafutiwa usajili, nani atatozwa, faini itaanzia wapi, waziri atapewa mamlaka kiasi gani. Muswada ukifika Dodoma ni nyumba iliyokwisha ezekwa. Mlango unaweza kuhamishwa, dirisha likaongezwa, lakini msingi haufukuliwi.

Kwa hiyo mtu wa ushirika mwenye akili hasubiri Bunge. Wizara ikianza kuzungumzia "mapitio ya sheria" au "maboresho ya sera", hapo ndipo pa kuingilia. Mara nyingi wizara huita wadau katika hatua hii, na watakaoitwa ni chama kikuu au shirikisho, si AMCOS moja moja. Ulizeni huko juu nani alikwenda, alipewa rasimu gani, na alisema nini kwa niaba yenu. Nimeona vyama vikilalamikia sheria ambayo mwakilishi wao aliisaini rasimu yake bila kuifungua.

Mbunge asiye waziri naye anaweza kuleta muswada wake binafsi, na kamati ya Bunge vilevile. Lakini ana kazi ya kuuandika, ana kazi ya kutafuta wa kumuunga mkono, na ana ukuta mmoja asioweza kuuruka: Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia muswada wa kuanzisha au kuongeza kodi, au wa kutoa fedha Hazina, mpaka Rais awe amependekeza na waziri ndiye awasilishe. Ukiangalia sheria zinazowagusa wakulima, ni chache zisizogusa fedha. Ndiyo maana njia hii ipo kwenye vitabu kuliko ilivyo kwenye mazoea.

Muswada wa Serikali hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nyuma yake kuna sehemu inayoitwa "Madhumuni na Sababu", ambayo waziri huisaini kueleza kwa lugha nyepesi kila sehemu ya muswada inafanya nini. Wengi wetu tunaanzia kusoma huko, na si vibaya, mradi usiishie huko. Maelezo hayana nguvu ya sheria. Ibara ndizo zitakazokufunga. Zamani mwananchi alikuwa na kikwazo kingine, kwamba muswada uliandikwa kwa Kiingereza huku ukijadiliwa kwa Kiswahili, mtu akasikiliza mjadala wote akaelewa, kisha akashindwa kusoma kilichopitishwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Ukiletewa muswada leo, dai nakala ya Kiswahili bila aibu.

Baada ya hapo unasomwa kwa mara ya kwanza. Usipoteze siku ya kazi kuiangalia hatua hii. Jina la muswada husomwa mezani, hakuna mjadala, hakuna kura, shughuli nyingine zinaendelea. Lakini weka alama kwenye kalenda, kwa sababu kuanzia siku ile muswada umekabidhiwa kwa kamati ya kudumu, na saa yako imeanza kuhesabu.

Kamati ndipo sheria inapokunjuliwa. Wabunge wachache wanakaa mezani na waziri, makatibu wake, wanasheria wa wizara na waandishi wa sheria, muswada mkononi, ibara baada ya ibara. Hakuna televisheni ya kuichezea, na kwa hiyo watu huulizana maswali ya kweli. Mbunge wa chama tawala ambaye ukumbini atamsifu waziri, humu ndani anaweza kumkaba kwa saa nzima juu ya neno moja. Kamati huita wadau watoe maoni, kwa tangazo au kwa mwaliko. Kwa mambo yenu itakuwa kamati inayoshughulikia kilimo. Hata msipoalikwa, andikeni. Barua hutumwa kwa Katibu wa Bunge, na mwenye hoja ya maandishi ni vigumu kumpuuza kuliko mwenye simu ya mbunge tu.

Sasa, maoni yenyewe. Nimesoma maoni mengi ya wadau, na mengi yanakufa kwa sababu moja: ni risala. Kurasa tano za historia ya chama, umuhimu wa mkulima, changamoto zinazotukabili, kisha "tunaomba Serikali itusikilize". Mwandishi wa sheria hana la kufanya na karatasi hiyo. Anachohitaji ni jedwali lenye safu nne: namba ya ibara, inavyosomeka kwenye muswada, inavyopaswa kusomeka, na sababu. Chukua mfano wa kubuni. Tuseme muswada una ibara inayosema: "Waziri anaweza, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, kuweka tozo kwa kila kilo ya zao litakalouzwa kupitia chama cha ushirika." Msiandike "tunapinga tozo". Andikeni safu ya tatu hivi: "Waziri anaweza, baada ya kushauriana na vyama vya ushirika vinavyohusika na kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, kuweka tozo isiyozidi asilimia moja ya bei ya kuuzia." Kwenye sababu mseme mistari mitatu: mkulima anakatwa nini sasa, kwa msimu uliopita makato yalichukua kiasi gani cha bei, na tozo isiyo na ukomo itamfanya auze pembeni. Hapo mmemrahisishia mbunge kazi, mmemrahisishia mwandishi, na mmempa waziri nafasi ya kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Hilo la mwisho si dogo. Njia inayofanikiwa zaidi ya kubadilisha muswada ni kamati kumshawishi waziri, na Serikali yenyewe ikaleta jedwali la marekebisho. Haiwi habari gazetini. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Siku ya mjadala unakuta muswada uliogawiwa una karatasi ya ziada kutoka Serikalini, na ibara iliyokuwa inawakosesha usingizi imeandikwa upya.

Kamati pia inaweza kuukalia muswada. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakwama kwenye mashauriano, hasa juu ya chanzo cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo, na Bunge halikuupitisha mpaka Novemba 2023. Zaidi ya mwaka. Aliyeona siku ya kupita tu angedhani ni kazi ya mchana mmoja.

Lakini kuna upande wa pili, na ni bora uujue kabla haujakukuta. Serikali inaweza kuleta muswada kwa hati ya dharura. Hapo hatua zote hubanwa, muswada unasomwa mara ya kwanza na kumaliza safari yake ndani ya mkutano huohuo wa Bunge. Julai 2017 sheria za kulinda rasilimali na kupitia upya mikataba ya maliasili zilipita kwa njia hiyo. Mwaka 2019 ulikuja Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3, nao kwa hati ya dharura. Ulibeba marekebisho ya sheria nane kwa mpigo: ya Makampuni, ya Hakimiliki, ya Filamu, ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ya Jumuiya, ya Takwimu, ya Wakala wa Meli na ya Muunganisho wa Wadhamini. Uliingia mwezi Juni, na tarehe 27 Juni ulikuwa umepitishwa. Mtu wa asasi ya kijamii, mtengeneza filamu na mtafiti wa takwimu walijikuta wamo kwenye karatasi moja, kila mmoja akiwa na siku chache za kuisoma.

Jina hilo la "Sheria Mbalimbali" liogope kidogo. Mabadiliko ya ushirika si lazima yaje yakiwa yameandikwa ushirika kwenye jalada. Yanaweza kuwa aya moja ndani ya muswada wa aina hiyo, ikigusa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 kwa kufuta maneno matatu na kuweka manne. Kila mkutano wa Bunge unapokaribia, tafuta orodha ya miswada, na kwa muswada wa Sheria Mbalimbali pitia majina ya sheria zote zinazoguswa. Ni kazi ya nusu saa.

Tuje kwenye siku uliyoiangalia. Kusomwa mara ya pili huanza kwa waziri kutoa hoja na kueleza muswada. Mwenyekiti wa kamati anasoma maoni ya kamati. Hotuba hii isikilize kuliko zote, maana ndani yake utasikia kamati iliomba nini na Serikali ikakubali nini. Wabunge wanachangia. Kinachojadiliwa hapa ni misingi ya muswada kwa ujumla, na hapa ndipo mbunge wako atakapolisemea lenu. Waziri anahitimisha, anajibu anayotaka kujibu, anaomba kutoa hoja.

Kisha Bunge linageuka Kamati ya Bunge Zima. Ukiwa makini utaona Spika anaondoka kwenye kiti chake cha juu na kuketi chini, mezani pa makatibu, na kuanzia hapo anaitwa Mwenyekiti. Siwa, ile rungu ya mamlaka ya Bunge, nayo inashushwa. Wabunge ni walewale, ukumbi ni uleule, ila sasa hawahutubii, wanapitia ibara. Katibu anasoma: "Ibara ya 1." Mwenyekiti anahoji, ukumbi unaitikia. "Ibara ya 2." Na zinazokwenda bila pingamizi zinakwenda kasi kweli, kwenye Taarifa Rasmi utakuta mistari inayofanana ikijirudia, kwamba ibara iliyotajwa ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote. Mpaka ifike ibara yenye jedwali.

Hapo mwendo unabadilika. Mbunge aliyewasilisha jedwali la marekebisho anaitwa kwa jina, anasimama, anataja ibara, anasoma maneno anayotaka yafutwe na anayotaka yaingizwe, anatoa sababu. Waziri au Mwanasheria Mkuu wa Serikali anajibu. Kama wanakubaliana naye, limeingia. Kama hawakubaliani, wabunge wanaweza kuchangia, mwishowe wanahojiwa, na hapo tena ni ndiyo na siyo. Asiye na jedwali hana cha kuhojiwa. Muda wa kuhutubia umeshapita asubuhi.

Ndiyo maana nakuambia, mbunge akisema "nitalisemea", mwambie: "Mheshimiwa, tunashukuru. Je, utaleta jedwali?" Jedwali huandikwa na kukabidhiwa kwa Katibu wa Bunge mapema, si kutolewa mfukoni siku ya siku. Mpelekee ile safu yenu ya tatu ikiwa imechapwa. Na msimpe ibara kumi na mbili. Mpeni mbili, moja mnayoitaka sana na moja mnayoweza kuiachia.

Baada ya ibara ya mwisho Spika anarudi kitini, waziri anatoa taarifa kwamba Kamati ya Bunge Zima imeupitia muswada ibara kwa ibara, unasomwa mara ya tatu, na inakuja ile sauti iliyokuacha na swali. "Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Kutohesabu si uzembe. Katiba inataka uamuzi uwe wa walio wengi kati ya waliopo na kupiga kura, na akidi ya Bunge, yaani idadi ya chini inayotakiwa kikaoni, ni nusu ya wabunge wote. Kwa muswada wa kawaida sauti inatosha, mpaka pale itakapobishaniwa na kanuni zitumike kuhesabu. Yapo mambo ambayo sauti haitoshi. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Bajeti nayo hupigiwa kura kwa kuita majina: katibu anaita, mbunge anajibu, anaandikwa.

Nikiwa kwenye bajeti, kuna kitu wanaushirika mnaweza kukitumia kila mwaka bila kusubiri muswada. Wakati wa kupitisha makadirio ya wizara, mbunge asiyeridhika na jambo la kisera anaweza kusema anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Shilingi yenyewe haina thamani. Kinachotafutwa ni ahadi ya waziri mbele ya Bunge, iliyoandikwa. Ahadi hiyo unaweza kuichapa, ukaipeleka kwa afisa ushirika wa wilaya, na mwaka unaofuata mbunge wako akauliza imefikia wapi. Binafsi naona kushika shilingi kumewafaa wakulima kuliko hotuba nyingi za muswada, ingawa mara nyingi mbunge huirudisha shilingi upesi kupita kiasi.

Utauliza, mbona ndiyo ndizo zinazoshinda karibu siku zote? Hesabu ya viti ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili iko kwenye Ibara ya 71 ya Katiba: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, anapoteza ubunge. Hakuna mbunge wa kujitegemea. Kwa hiyo mbunge anayetaka kupinga muswada wa Serikali ya chama chake anapima hoja yako na kadi yake kwa wakati mmoja. Na juu ya hayo, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Usimlaumu mbunge kabla hujayaweka haya mezani. Lakini pia usiyachukue kuwa kisingizio chake, maana hakuna kati ya hayo yanayomzuia kuleta jedwali lenye hoja ya kitaalamu, au kumbana waziri kwenye kamati.

Muswada ukipita bado si sheria. Kikatiba, Bunge lina sehemu mbili: wabunge ni moja, Rais ni nyingine. Ibara ya 97 inasema muswada hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Anaweza kukataa na kuurudisha, pamoja na maelezo ya sababu zake. Ukirudishwa, na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wote wakauunga mkono tena na kuupeleka kwake ndani ya miezi sita, anatakiwa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Soma tena sentensi hiyo ukiwa mbunge: ushindi wako juu ya Rais unaweza kukurudisha jimboni kuomba kura upya. Kwa mara ya kwanza anapopelekewa muswada, Katiba haikumwekea Rais ukomo wa siku.

Kwa faida ya wenzako wa visiwani: ushirika si jambo la Muungano. Sheria yenu ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar mambo hayo hutungiwa sheria na Baraza la Wawakilishi. Hata kwa mambo ya Muungano, sheria ya Bunge kwa kawaida haitumiki Zanzibar kama haikutamka hivyo wazi, isipokuwa iwe inarekebisha au kufuta sheria ambayo tayari inatumika huko.

Sasa swali lako la kuanza kutumika. Rais akishakubali, sheria huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku ya kuchapishwa. Isipokuwa yenyewe iseme vinginevyo. Na sheria nyingi husema vinginevyo, kwenye ibara ileile ya kwanza ambayo katibu aliisoma kwa kasi: "Sheria hii itaanza kutumika katika tarehe ambayo Waziri, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, ataiteua." Mpaka tangazo hilo litoke, mnayo sheria iliyopita, iliyosainiwa, iliyochapwa, isiyomfunga mtu. Sababu huwa za kawaida: chombo kipya hakijaundwa, fedha hazijatengwa, kanuni hazijaandikwa.

Kanuni hizo ndizo ningependa AMCOS yenu izifuatilie kwa macho yote mawili. Sheria ya Bunge husema mfupa. Kiasi cha ada, fomu, muda wa rufaa, sifa za meneja, vyote huachiwa waziri aviweke kwenye kanuni. Kumbuka tozo za miamala ya simu. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge, na kweli Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha ya 2021, Juni. Kwenye hotuba ya bajeti kilitajwa kiwango cha kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Lakini nani angelipa ngapi kwa kutuma kiasi gani, hilo lilipangwa kwenye kanuni, na wananchi walikutana nalo kwenye simu zao tarehe 15 Julai. Kelele zikawa kubwa. Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, tena kwa kanuni, bila muswada mpya na bila mtu kusema ndiyo au siyo Bungeni.

Kwa hiyo kazi yenu haiishi Rais anaposaini. Wizara inapoandaa kanuni huomba maoni tena, safari hii kimyakimya zaidi, na watu huwa wamechoka. Pelekeni ileile karatasi ya safu nne. Kanuni zikishatoka, Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzipitia na kuona kama waziri amevuka mamlaka aliyopewa na sheria mama. Mkiona kanuni imetoza kitu ambacho sheria haikuruhusu kutozwa, kamati hiyo iandikieni. Ni barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya tangazo la Serikali, kifungu cha kanuni na kifungu cha sheria mama vilivyogongana.

Na kama tatizo liko kwenye sheria yenyewe na inagongana na Katiba, mlango wa mahakama upo, ingawa haufunguki haraka. Rebeca Gyumi alifungua kesi Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Mwaka 2016 mahakama ilikubaliana naye, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Lakini jaji haandiki kifungu kipya. Mahakama Kuu ilichofanya ni kuipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro, yaani kuandaa muswada, kuupeleka kwenye Gazeti, usomwe mara ya kwanza, na kuendelea.